Meru hadi Embu kwa Ndege ni Dakika 5? Jaba Iko na Hesabu Yake

Ukiingia kwenye intaneti sahii utafute umbali wa ndege kutoka Meru hadi Embu, jibu utalipata bila jasho. Kuna mitandao imejengwa kwa hiyo kazi tu. Unaweka jina la mji wa kwanza, unaweka la pili, inakuchorea mstari ulionyooka kwenye ramani kisha inakuambia kilomita na muda. Meru na Embu zinatoka kama kilomita 68 hivi. Ndege kubwa ikienda kilomita 800 kwa saa, hiyo ni dakika 5. Yaani hata hujamaliza kufunga mkanda, mmeshafika.

Shida ni moja tu, msee. Hiyo ndege haiko.

Hakuna kampuni inauza tiketi ya Meru kwenda Embu. Kama uko Makutano pale Meru na unataka kufika Embu leo, unaingia kwa mat, unangoja ijae, halafu mnaanza: Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, ndio Embu. Zile kilomita 68 za mstari zimegeuka kuwa kama 130 za lami, karibu mara mbili, na dakika 5 zimekuwa masaa mawili na ushee. Hiyo ni kama dere hajasimama Chuka kuchukua watu wa kusimama.

Kwa nini mara mbili? Ni huo mlima. Barabara inazunguka upande wa mashariki wa Mlima Kenya, na kila mto unaoshuka kutoka juu umechimba bonde lake: Thuci, Nithi, Mutonga na mingine midogo midogo. Barabara inashuka hadi chini, inavuka daraja, inapanda tena. Ramani ya mtandao haijui bonde. Lakini ukiwa ndani ya nissan na breki zimeanza kunuka, wewe unajua vizuri sana.

Na daraja la Nithi si stori ya mchezo. Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitoka barabarani pale na kuanguka bondeni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wenyeji wamehesabu ajali hapo miaka mingi, na ahadi za kurekebisha hiyo kona na huo mteremko zimetolewa na watu wengi wenye suti. Kwa hivyo tukianza kuongea mambo ya masafa na muda huku kwetu, ujue tunaongea pia kuhusu watu wanaorudi nyumbani na wale hawarudi.

Lakini kuna abiria mmoja wa Meru ambaye hupanda ndege mara nyingi kukuliko wewe, mimi na MCA wako tukijumlishwa. Hana pasipoti, hana begi, na akichelewa siku mbili hana maana tena.

Saa inaanza mti ukikatwa

Huyo abiria ni veve. Ita giza, ita kangeta, ita alele, jina lolote mtaa wenu unatumia. Inatoka Igembe na Tigania, huko milima ya Nyambene: Maua, Laare, Mutuati, Kangeta. Kuna miti huko mizee sana inaitwa mbaine, imerithiwa kutoka kwa guka hadi kwa mjukuu, na bado inalipa karo.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu hii biashara, kwa sababu ndicho kinaamua kila kitu kingine. Ndani ya miraa mbichi kuna kemikali inaitwa kathinoni. Hiyo ndiyo inakuweka macho mpaka saa tisa usiku ukieleza mabeste vile utanunua shamba Kitengela. Tawi likishakatwa, kathinoni inaanza kugeuka polepole kuwa kathini, ambayo ni binamu yake mpole. Baada ya siku mbili hivi nguvu imeisha, na wewe unachana majani tu kama mbuzi. Ndio maana mafungu hufungwa na majani ya mgomba. Si urembo, ni kushika unyevu ili hiyo saa itembee polepole kidogo.

Kwa hivyo mkulima wa Maua hapimi dunia kwa kilomita. Anaipima kwa masaa. Mji ulio ndani ya masaa 48 ni soko. Mji ulio nje ya masaa 48 ni jina tu kwenye ramani.

Soko kubwa la nje ni Mogadishu, na safari yenyewe huenda hivi. Asubuhi wavunaji, wengi wao vijana kwa sababu matawi ya juu hayapendi mtu mzito, wanapanda miti. Veve inashuka, inachambuliwa, inafungwa, inavishwa majani, inaingia magunia. Mchana pikapu zinatoka. Ukiwa umewahi kusimama kando ya barabara Chuka ama Embu jioni unajua hizo Hilux: taa zimewaka, honi haikatiki, na wewe mwenye Vitz unaambiwa usonge bila kuambiwa. Kutoka Maua hadi Nairobi ni kama kilomita 280. Dere wa kawaida anakula masaa matano hadi sita. Hawa jamaa wanataka kufanya manne, na wakiweza kupunguza wanapunguza.

Usiku mzigo unafika Kanairo, unapangwa upya, karatasi zinapigwa muhuri, na alfajiri unapaa. Mogadishu saa ni ile ile ya Maua, hakuna kubadilisha. Mchana wa siku ya pili mteja ameketi na marduf yake, ambalo ni fungu kwa lugha ya huko, ndani ya masaa 24 hivi tangu mti ukatwe. Ukiangalia kwa jicho la kazi, hii ni mojawapo ya oparesheni kali za usafirishaji ambazo Mkenya wa kawaida amejijengea mwenyewe, bila programu ya simu na bila mwekezaji wa kutoka ng'ambo. Watu wanacheka wauza jaba lakini hawajiulizi nani mwingine kwa hii nchi anafikisha mzigo nje ya mpaka siku moja, kila siku.

Sasa tufanye hesabu, na usihepe, ni rahisi.

Kurudi nyuma ndio uende mbele

Digrii moja kwenye ramani, ukiwa karibu na ikweta kama sisi, ni kama kilomita 111. Uwanja wa JKIA uko digrii 1.3 kusini mwa ikweta na 36.9 mashariki. Mogadishu iko digrii 2.0 kaskazini na 45.3 mashariki. Toa moja kwa nyingine: unapata 8.4 kuelekea mashariki na 3.3 kuelekea kaskazini. Zidisha kwa 111, halafu tumia ile hesabu ya pembetatu uliyosoma shule ukisema hutawahi kuihitaji. Jibu ni kama kilomita 1,000. Jeti ya abiria inafanya hiyo kwa saa moja na nusu au zaidi kidogo. Ndege ya mapanga ya kubeba mizigo, ile ya kilomita 480 hivi kwa saa, inafanya kama masaa mawili.

Rudia hesabu hiyo hiyo lakini badala ya JKIA anza Isiolo, ambayo iko digrii 0.34 kaskazini na 37.6 mashariki. Inatoka kama kilomita 880.

Umeona? Angani unaokoa kilomita 120, ambazo kwa hiyo ndege ya mapanga ni dakika 15. Ukisimama hapo utasema basi hakuna haja, dakika 15 ni za kunywa chai. Lakini angalia chini. Kutoka Maua hadi uwanja wa Isiolo, ndege wa mwituni ataruka kama kilomita 40. Gari litazunguka, tuseme kilomita 100 hivi. Kwa hivyo lami inapungua kutoka 280 hadi 100. Kuna masaa mawili au matatu hapo yanarudi mfukoni, na la muhimu zaidi, hakuna Nithi. Hakuna Hilux inapita daraja hilo saa mbili usiku ikifukuzana na ndege iliyo kilomita 200 mbele.

Vile mambo yako leo, mzigo unaokwenda mashariki unaanza kwa kwenda kusini magharibi. Ni kama msee wa Eastleigh anayetaka kwenda Donholm aanze kwa kupitia Kikuyu.

Na hapa ndipo swali linaingia. Isiolo si kichaka. Kuna uwanja wa kimataifa pale, Uhuru Kenyatta aliufungua rasmi Julai 2017, umekaa mpakani mwa Isiolo na Meru, na ziliingia karibu shilingi bilioni 2.7. Wakati unajengwa, miraa ilikuwa kwa kila hotuba. Mkulima aliambiwa ataacha kupeleka mzigo Nairobi, ndege itamfuata nyumbani. Ndege za abiria zimekuja na kuacha, zikaja tena. Ya miraa ya kwenda Mogadishu kila alfajiri, ile ya hotuba, mkulima bado anaingoja.

Sababu ya kwanza unaweza kuipima kwa miguu. Njia ya kurukia ya Isiolo ina urefu wa kilomita 1.4. Ya JKIA ina kilomita 4.1. Ndege ikibeba mzigo mzito inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla mabawa yashike hewa. Isiolo iko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la pale si la kuuliza. Hewa ya juu ni nyepesi, hewa ya joto ni nyepesi zaidi, na hewa nyepesi haiinui bawa vizuri. Rubani anabaki na mambo mawili: apunguze mzigo ama asiruke. Ukipunguza mzigo, gharama ya kila kilo inapanda, na yule mfanyabiashara anakuambia asante, wacha nibaki Nairobi.

Hiyo ya njia fupi imesemwa sana, na kila kampeni mtu anaahidi kuirefusha. Mimi naona hata wakiirefusha kesho, nusu ya shida inabaki. Uwanja wa mizigo ni zaidi ya lami. Lazima kuwe na mtu wa forodha amekaa hapo usiku. Lazima kuwe na wakaguzi wa KEPHIS wa kupiga muhuri kwamba mmea ni safi. Lazima kuwe na kampuni za ndege ambazo zina biashara nyingine ya kuleta, kwa sababu ndege ikija tupu kukuchukulia magunia yako, wewe ndiye unalipa safari zote mbili. Na wanunuzi wenyewe wako Kanairo, simu zao ziko Eastleigh, pesa zao zinazunguka huko. Hivyo vyote vilijengwa kwa miaka mingi. Havihami kwa sababu Rais amekata utepe.

Tuseme ukweli pia, kuna watu wanaishi na hiyo safari ndefu. Dere, turnboy, wapakiaji wa usiku, mama wa chapo kando ya barabara, madalali wawili watatu katikati. Ukikata lami kutoka 280 hadi 100, kuna mbogi nzima inalala njaa. Hawa watu hawatapiga kelele za kutaka uwanja mpya, na siwalaumu.

Karatasi inashinda injini

Lakini hata hayo yote ya lami na mabawa si kitu ukilinganisha na karatasi. Hapa ndipo zile kurasa za kupima masafa hukosa kabisa.

Chukua London. Kutoka JKIA ni kama kilomita 6,800, masaa manane hadi tisa angani. Mbali mara saba kuliko Mogadishu. Na bado kwa miaka mingi London ilikuwa soko, kwa sababu ilikuwa ndani ya masaa 48. Veve ilikatwa Maua, ikalala angani, ikachanwa na Wasomali na Wayemeni wa huko bado ikiwa na nguvu. Mwaka wa 2011/12 Uingereza iliingiza tani 2,560 za hii bidhaa, kihalali, ikilipiwa ushuru. Januari 2013 Waholanzi walifunga mlango wao. Mwezi huo huo kamati ya wataalamu ya serikali ya Uingereza iliangalia ushahidi ikasema haipendekezi marufuku. Theresa May, wakati huo waziri wa mambo ya ndani, hakuwafuata, na tarehe 24 Juni 2014 sheria ikaanza kufanya kazi.

Kilomita hazikuongezeka hata moja. Ndege ziliendelea kupaa kila usiku na watalii na maua ya Naivasha. Ila kutoka siku hiyo, kwa mkulima wa Laare, London ilikuwa mbali kuliko mwezi.

Ndio maana Mogadishu ikabaki yenye uzito wote, na ndio maana kila ugomvi wa Nairobi na Mogadishu unasikika Maua kabla haujasikika kwa ubalozi. Septemba 2016 Somalia ilizuia ndege za miraa ghafla, wiki moja hivi, hadi Uhuru aliposafiri huko kwa mkutano wa IGAD na mambo yakalegezwa. Mei 2019 Kenya nayo ikaamuru ndege zinazotoka Mogadishu kuja Nairobi zitue kwanza Wajir zikaguliwe. Hebu fikiria: umekaa kwa kiti, rubani ana mafuta ya kufika, anga ni safi, na mnashuka Wajir mkaguliwe mabegi kwa sababu wakubwa wamenuniana kuhusu mpaka wa baharini na mengine. Hiyo iliendelea mpaka Novemba mwaka huo. Safari ikawa ndefu bila hata jiwe moja kusogea.

Halafu ikaja kubwa. Machi 2020, corona, Somalia ikafunga miraa. Desemba 2020 ikavunja uhusiano wa kibalozi na Kenya kabisa. Mei 2021 wakarudiana, na siku chache tu baadaye Kenya ikasimamisha ndege za kwenda na kutoka Somalia, ikazifungulia tena Juni. Miraa yenyewe ilirudi angani Julai 2022, baada ya Hassan Sheikh Mohamud kuchukua usukani tena Mogadishu na kuketi na Uhuru. Hesabu miezi kutoka Machi 2020. Ni 28. Safari ya masaa mawili ilichukua miezi 28.

Katikati ya hiyo miezi mti haukungoja. Mti hautoi majani kwa kufuata ubalozi. Watu waliuza kwa bei ya kutupa, wengine wakasota, wengine wakang'oa wakapanda kitu kingine. Na mlango ulipofunguliwa, veve ya Ethiopia ilikuwa imeshajua njia ya kuingia. Mashindano ya huko ni makali, na Muethiopia hafanyi mchezo wa kurudi nyuma kilomita 280 ndio aende mbele.

Na Embu?

Embu hadithi ni tofauti, na kwa maoni yangu ndiyo inayoumiza zaidi kwa sababu ni ya ndani ya nyumba.

Mmea ni ule ule, lakini Mbeere wanachuna majani machanga, muguka, badala ya matawi. Ni bei ya chini, ndio maana imejaa kila kona ya mtaa na kila base. Kiwanja kidogo cha ndege kiko Embu, lakini muguka haijui kiwanja. Muguka ni mtoto wa Probox. Soko lake kubwa liko Pwani, na mstari ulionyooka kutoka Embu hadi Mombasa ni kama kilomita 460. Ukipitia Nairobi, barabara inavuka 600. Siku hizi unaweza pia kukata kupitia Kangonde, uingie Kitui, ufuate ile lami ya Mutomo hadi Kibwezi, uibukie barabara ya Mombasa ukiwa umeikwepa Nairobi na jam yake. Kuna dere ataapa hiyo ndiyo barabara bora iliyowahi kujengwa, na sioni sababu ya kubishana naye.

Sasa sikia. Tarehe 23 Mei 2024, gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alitia saini amri: muguka isiingie, isiuzwe, isitumiwe kwenye kaunti. Kilifi ya Gideon Mung'aro ikafuata, Taita Taveta ya Andrew Mwadime nayo. Kwa siku hizo chache, Embu na Mombasa, miji miwili ya nchi moja, chini ya bendera moja, ilikuwa mbali kuliko Maua na Mogadishu. Mizigo ilikwama njiani, na ile saa ya kathinoni haisimami ati kwa sababu uko kizuizini.

Tarehe 27 Rais Ruto alikutana na viongozi wa Embu wakiongozwa na gavana Cecily Mbarire, na Ikulu ikasema amri za kaunti hazina nguvu, kwa sababu sheria ya mazao ya 2013 pamoja na kanuni za miraa za 2023 zinaitambua muguka. Kesho yake mahakama kuu ya Embu ikasimamisha marufuku. Pia zikaahidiwa shilingi milioni 500 za kuinua miraa na muguka.

Usinielewe vibaya. Mzazi wa Likoni ambaye kijana wake wa miaka 15 anaanza siku na jaba na kuimaliza na jaba hana makosa kupiga kelele. Wale wanaosema Pwani inaonea Embu tu hawajaketi na hao mathe. Na mkulima wa Mbeere, ambako mvua haitabiriki na mahindi yanakauka kila mwaka wa pili, hana makosa kupanda kitu pekee kinachomlipia karo. Ndio maana hiyo kesi haiishi kwa saini moja. Ninachosema mimi ni kwamba kwenye hiyo wiki hakuna mtu aliyepima kilomita. Umbali wa Embu hadi Mombasa ulikuwa kalamu ya gavana, halafu ukawa kauli ya Ikulu, halafu ukawa faili ya mahakama.

2027 inakuja, na mtu atapanda juu ya gari Maua, mwingine Embu, aahidi ndege. Wewe ambaye umesoma mpaka hapa una maswali ya kumuuliza kabla ya kupiga makofi. Njia ya kurukia itakuwa mita ngapi, na ndege yenye tani ngapi itapaa hapo saa nane mchana jua likiwa kali? Nani wa forodha atakuwa amekaa hapo saa nane usiku? Ndege ikija kuchukua veve, italeta nini? Mogadishu ikinuna tena, mpango ni upi? Na kabla ya hiyo ndege haijafika, ile kona ya Nithi inanyooshwa lini?

Akikujibu matatu kati ya hayo bila kuangalia karatasi, mpigie makofi. Akianza kukuambia kuhusu ndege ya Meru hadi Embu dakika 5, mwachie hiyo stori ya jaba yake na uende stage, mat imebakisha watu wawili.